Ameanguka, Ameangushwa au Amejiangusha? Lugha ya Mwamuzi Penalti Inapozua Utata

Miongoni mwa mazingira ambamo Kiswahili hutumiwa kwa kasi, kwa hasira na mbele ya mashahidi wengi, uwanja wa kandanda wa mtaani una nafasi yake, ingawa ni nadra kutajwa katika mijadala ya matumizi ya lugha. Mtopanga ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Kisauni, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Huko, kama kwingineko Kisauni, mechi za jioni huchezwa aghalabu juu ya mchanga, mistari ikichorwa kwa chokaa au jivu, na kipindi cha pili kikianza huenda nusu yake imekwisha kufutwa na nyayo. Kamera hakuna, marudio hakuna. Mashabiki husimama hatua moja au mbili nje ya mstari. Mwamuzi anapoelekeza mkono kwenye alama ya penalti, alicho nacho ni macho, kipenga na maneno yake. Makala haya yanahusu hayo maneno.

Mzozo wa penalti karibu wote umo ndani ya mzizi mmoja, nao ni -angu-. Mwenyeji wa Pwani anaufahamu tangu utotoni kwa sababu ya kuangua nazi. Mzizi huo huo hutoa anguka, angusha, angushwa na jiangusha. Mshambuliaji anapokuwa chini ndani ya kijisanduku, kocha wa timu yake hupaza sauti kwamba ameangushwa. Kocha wa pili hujibu kwamba amejiangusha. Na mwamuzi, mara nyingi kuliko wanavyodhani mashabiki, huwa ameona kwamba ameanguka tu. Kauli ya kutendwa humtaka mtenda, hata asipotajwa: aliyeangushwa ameangushwa na mtu, na mtu huyo ametenda kosa. Kiambishi cha kujirejea kinamgeuza mwathiriwa kuwa mkosaji, na sheria humtaka mwamuzi amwonyeshe kadi ya manjano kwa udanganyifu. Anguka haimshtaki yeyote. Mchanga umemteleza, au miguu imekutana pasipo hila, na mchezo unaendelea. Tofauti ya viambishi hivi ni tofauti ya pigo la mita 11, kadi, au kutokuwa na lolote, na uteuzi wake hufanywa katika muda usiofika sekunde mbili.

Hali ni ngumu zaidi mkono unapohusika. Wanahabari wa michezo wa Kiswahili, Kenya na Tanzania, wamekubali kitenzi nawa: beki ameunawa mpira. Ni istiari nzuri, lakini ina mtego. Hakuna anayenawa kwa bahati mbaya; kitenzi chenyewe kimebeba nia. Kushika nako ni vivyo hivyo, kwani anayeshika amekusudia. Sheria ya 12 haisemi kwamba kila mguso wa mkono ni kosa. Humwadhibu anayeugusa mpira kwa makusudi, na pia yule ambaye mkono wake umeupanua mwili wake kwa namna isiyo ya kawaida, hata kama hakuwa na nia ya kuudaka. Kwa hiyo wanapopiga kelele "Kashika! Kashika!" mashabiki wa Mtopanga wanakuwa wamekwisha kutoa hukumu, ilhali kilichotokea pengine ni kwamba mpira umemgusa mkono. Katika sentensi hiyo mpira ndio mtenda, na mchezaji ni mtendewa. Mwamuzi anayejua kusema "mpira umemfuata, mkono ulikuwa mahali pake" ameeleza sheria nzima kwa maneno machache.

Si ajabu basi kwamba neno mwamuzi linafaa kuliko refa. Katika Uingereza ya karne ya 19 kila timu ilikuja na msimamizi wake, na wawili hao waliposhindwa kuelewana walilipeleka shauri kwa mtu wa tatu aliyekaa pembeni. Jina lake lilitokana na kupelekewa huko. Mwaka 1891 mtu huyo aliingizwa uwanjani, na mwaka huo huo ndipo Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Kandanda (IFAB) ilipopitisha adhabu ya penalti, pendekezo lililotoka kwa William McCrum, mlinda lango wa Ireland. Penalti na mwamuzi mwenye kauli ya mwisho ni mapacha. Refa ya Kiswahili haikuhifadhi chochote cha historia hiyo. Amua, kwa upande wake, ina maana mbili: kukata shauri, na kuwatenganisha wanaopigana. Penalti yenye utata huzidai zote mbili, na kwa mpangilio huo. Mwamuzi akiitanguliza ya pili, yaani akianza kuwatuliza watu kabla ya kutangaza alichokata, huonekana anapimana nao bei. Yeye si msuluhishi: pigo la penalti haligawanyiki nusu kwa nusu.

Waamuzi wazoefu hupuliza kwa nguvu mara moja, huelekeza mkono, kisha husogea mbali na kundi linalojiunda badala ya kurudi nyuma likimfuata. Husikiliza nahodha peke yake, utaratibu ambao IFAB iliuwekea mwongozo rasmi kuanzia Julai 2024. Sheria ya 5 inafanya uamuzi wake kuhusu tukio la mchezo kuwa wa mwisho, ila anaruhusiwa kuubadilisha kabla ya mchezo kuanzishwa upya, kwa mfano msaidizi wake akimwita. Hapo ndipo kauli yake hupimwa. "Msaidizi wangu ameona vizuri zaidi" ni sentensi inayoweza kuaminiwa. Kunyamaza na kugeuza mkono hakuaminiki, hata kama ni haki.

Kisha kuna kocha. Katika viwanja vikubwa mwamuzi na kocha hawajuani. Mtopanga huenda wakawa majirani, na kocha akawa ndiye aliyemfundisha mwamuzi kupiga mpira akiwa mtoto, au ni wa rika la baba yake. Adabu ya Mombasa haimruhusu kijana kumwambia mtu wa umri huo "wewe" kavu, wala firimbi mdomoni haimwondolei wajibu huo. Mzee ni ami, au ni mzee. Tuseme kocha ameingia uwanjani, mikono juu:

"Refa, umetuonea! Mtoto kaucheza mpira wazi!"

"Ami, nimekusikia. Kampiga mguu kwanza, mpira baadaye. Rudi mahali pako tuendelee."

"Mimi siondoki!"

"Ami, hili ni onyo."

Jina la heshima linabaki palepale kutoka mwanzo hadi kwenye onyo, na linaongeza uzito wa onyo badala ya kuupunguza. Jibu limetaja tendo alilolifanya mchezaji, bila kutaja nia yake wala ubora wa timu. Halikurudia neno la kocha. Mwamuzi anayejibu "sikuwaonea" amekubali kuuzungumza uonevu, na mjadala huo hauna mwisho. Tangu Juni 2019 anaweza pia kumwonyesha kocha kadi, ya manjano au nyekundu, kama mchezaji; na mkosaji asipotambulika katika benchi, kadi humwangukia kocha mkuu. Kwa kijana wa mtaani hilo ni afueni kubwa. Kadi haina umri wala ukoo, haina "ami".

Kadi zenyewe zilitokana na kukosekana kwa lugha. Tarehe 23 Julai 1966, katika robo fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley, mwamuzi Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa Antonio Rattín, nahodha wa Argentina. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Rattín alidai mkalimani na kukataa kuondoka kwa dakika kadhaa. Ken Aston, aliyekuwa msimamizi wa waamuzi wa mashindano hayo, alipata baadaye wazo la rangi kutoka taa za barabarani, na kadi zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970.

Hata hivyo ishara haimalizi kazi. Mjini Limbe, Cameroon, tarehe 12 Januari 2022, Mali iliishinda Tunisia 1-0 kwa penalti, na Tunisia ikakosa yake. Mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kumaliza mchezo dakika ya 85, akaurejesha, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Kocha Mondher Kebaier na wasaidizi wake waliingia uwanjani wakionyesha saa zao. Mitambo ya video ilikuwapo siku hiyo. Ilielezwa baadaye kwamba mwamuzi alikuwa amezidiwa na joto. Lakini uwanjani kocha hakuambiwa lolote la kueleweka.

Istilahi za Kiswahili za kandanda zilienezwa zaidi na redio kuliko na kitabu chochote cha sheria. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mzaliwa wa Freretown, aliyefariki Februari 2025, alikuwa miongoni mwa waliowazoesha Wakenya kuisikia mechi kwa Kiswahili. Sheria zenyewe zimebaki za Kiingereza, na matoleo yakitofautiana ni la Kiingereza linalofuatwa. Mwamuzi wa Mtopanga hujifunza kwa lugha moja na kuhukumu kwa nyingine.

Mzigo huo humrudia mechi ikishakwisha. Penye ligi rasmi hutakiwa kuandika ripoti, na maneno ya kocha aliyetolewa hunukuliwa kama yalivyotamkwa. Hapo kuna mteremko ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili anauhisi: "umetuonea" ni malalamiko, "una upande" ni tuhuma, na "umekula" ni tusi. Ripoti ikiandikwa kwa Kiingereza, hilo la mwisho hugeuka kuwa habari ya chakula, na kamati ya nidhamu hulazimika kuuliza mwamuzi alikula nini.