Je, Wajua? Mtoko wa Kwanza Hautaki Mfuko Mnene

Je, wajua kwamba tangazo la kutafuta mchumba lilichapwa London mwaka 1695? Lilitokea katika jarida la John Houghton, lililokuwa la habari za kilimo na biashara. Bwana wa miaka kama 30 alitaka msichana wa heshima mwenye mali ya pauni 3,000 hivi. Miaka zaidi ya 300 imepita, na fedha bado inaingizwa kwenye mapenzi mapema mno.

Je, wajua kwamba mtandao wa wachumba wa Match.com ulifunguliwa mwaka 1995 na programu ya Tinder mwaka 2012? Mwaka 2019 Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Marekani: kati ya wapenzi wa kike na kiume waliokutana mwaka 2017, kama 39 katika kila 100 walikutana mtandaoni. Kwetu, kabla ya simu za mkononi, zilikuwapo kadi za salamu za redio na safu za marafiki wa kalamu magazetini. Watu walijuana kwa maandishi kwanza, sura baadaye.

Je, wajua kwa nini meseji ya kwanza ya "Mambo?" haifiki mbali? Anajibu "Poa", unaandika "Niambie", naye hana la kukuambia kwa sababu hujamuuliza kitu. Mwaka 2009 OkCupid, mtandao mwingine wa wachumba, ilichambua zaidi ya meseji 500,000 za kwanza za watumiaji wake. Zilizosifia sura zilijibiwa kidogo. Zilizogusa jambo mahsusi ambalo mwenzako ameandika kwenye wasifu wake zilijibiwa zaidi. Kwa hiyo ukikuta picha yake yuko mbele ya sufuria ya biriani, acha kwanza habari ya urembo. Muulize: "Hiyo umepika mwenyewe? Vitunguu ulikaanga siku ile ile au ulivitayarisha jana?" Mpishi hawezi kulipita swali hilo. Na kama hakupika yeye, atakwambia ni nani aliyepika, na hapo umeshaingia kwao.

Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba anayeuliza maswali ya kufuatilia jibu alilopewa hupendwa zaidi na anayezungumza naye. Walipotazama mitoko ya dakika chache chache, ile ya kuzungushana meza kwa meza, waliouliza zaidi maswali ya namna hiyo ndio waliokubaliwa zaidi kuonana tena. Ukiambiwa "natoka Tanga", usirukie kusema wewe unatoka wapi. Kaa Tanga kidogo.

Je, wajua kwamba mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha maswali 36 mwaka 1997, ya kuwasogeza karibu watu wasiojuana kwa dakika 45 hivi? Moja linauliza ni lini mara ya mwisho ulijiimbia peke yako. Yanaanza mepesi, yanazama taratibu. Chukua mawili au matatu. Ukimwaga yote kwa mkupuo yanakuwa mahojiano ya kazi.

Na nani aandike kwanza? Bumble, programu ya wachumba iliyoanzishwa na Whitney Wolfe Herd mwaka 2014, ilimwachia mwanamke neno la kwanza. Mwaka 2024 ikaongeza njia ya mwanamke kuweka swali moja, wanaume wakalijibu.

Nauli nayo? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na mtoko ukapata ugonjwa mpya: "Tuma nauli, weka na ya kutolea." Inatumwa, simu inazimwa, nauli imeliwa. Lakini kuna upande wa pili unaoniuma zaidi. Dada aliyetumiwa nauli na kuagiziwa chakula cha bei mbaya huanza kuhesabiwa deni kabla hajamaliza soda. Hana deni lolote. Ili jambo hilo lisizuke kabisa, chagueni mahali pa katikati, kila mtu ajilipie daladala au matatu yake, na muwekeane muda wa saa moja tu.

Pesa kando, kuna usalama. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, baada ya wengine kuuawa mwezi huo katika nyumba za kupanga kwa siku chache. Mtu uliyemjua mtandaoni usikutane naye chumbani kwanza. Pigianeni simu ya video kabla, mwambie dada au rafiki unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na ukutane naye penye watu, mchana.

Mahali penye watu ndipo penye bei nafuu. Jeevanjee Gardens, katikati ya Nairobi, ilitolewa kwa umma na A. M. Jeevanjee mwaka 1906, na kukaa kwenye benchi zake hakulipiwi. Dar es Salaam kuna Coco Beach na mihogo yake ya kukaanga. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, ina juisi ya miwa na urojo jioni. Mama Ngina, Mombasa, nunueni mihogo sahani moja: muuzaji anaipasua ikiwa moto, anaipaka pilipili na chumvi, anakamulia ndimu, na nyote wawili mnalazimika kula kwa vidole huku mnapuliza. Mkishuka kwenye kivuko cha Likoni, feri ni bure kwa waendao kwa miguu. Mazungumzo yakikolea mkiwa katikati ya maji, mnavuka, mnageuka, mnavuka tena.