JAJI NAYE ANA KANUNI ZAKE



Wenzetu wa mashamba na viwanda vya Mbarara, pamoja na wale wanaotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kutafuta vibarua, hutuuliza: jaji wa juu kabisa akifanya ubaya, ashitakiwe kwa nani? Swali ni la haki. Mfanyakazi aliyefukuzwa huanza kwa Afisa wa Kazi, kisha Mahakama ya Viwanda, kisha Rufaa. Shauri likifika Mahakama ya Juu, Kampala, limefika mwisho.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kushindwa shauri si ushahidi wa kosa la jaji. Tunalosema hapa ni mwenendo: kupokea zawadi ya tajiri ambaye shauri lake liko mezani, kuamua shauri la ndugu yake, na mengine ya namna hiyo. Kanuni za Maadili ya Majaji za Uganda za 2003 zinayakataza. Zilifuata Kanuni za Bangalore za 2002, na Jaji Mkuu wa wakati ule, Benjamin Odoki, alikuwa mmoja wa majaji walioziandika.

Lakini karatasi peke yake haimtoi mtu kitini. Katiba ya 1995 inaiagiza Tume ya Utumishi wa Mahakama kupokea malalamiko ya wananchi. Kumwondoa jaji ni safari ndefu zaidi: Tume au Baraza la Mawaziri hupeleka jambo kwa Rais, naye huteua watu watatu kulichunguza. Wakisema aondolewe, huondolewa. Ulinzi huu una sababu. Mwaka 1972 askari wa Amin walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mahakamani, na hakurudi tena. Hata hivyo sisi tunaona kasoro: anayeteua majaji ndiye anayeteua wachunguzi wao.

Je, mnyonge aweza kusikilizwa? Tutazame Kenya. Tarehe 31 Desemba 2011, mlinzi mwanamke katika maduka ya Village Market, Nairobi, alitaka Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, akaguliwe kama mtu mwingine ye yote. Mlinzi alilalamika kwamba alifinywa pua na kutishwa kwa bastola. Tume ya mahakama ya Kenya ililichukua jambo hilo, watu wakateuliwa kuchunguza, na Agosti 2012 wakaamua kwamba hafai kubaki. Oktoba alijiuzulu. Mshahara wa mlinzi tunaujua! Hakuwa na cheo wala wakubwa wa kumsemea. Alikuwa na mahali pa kulipeleka neno lake.

Ndugu zetu wa Nakivale wasidhani mambo haya ni ya raia tu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufika mahakamani na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Anayetaka kulalamika aiandikie Tume, Kampala. Barua itaje jina la jaji, namba ya shauri, tarehe, jambo lililotendeka na walioliona. Asiyejua kuandika amwone katibu wa tawi lake.