Je, Wajua? Kushinda Kesi Si Kupata Kila Ulichodai

Je, wajua kwamba mgogoro wa shamba nchini Tanzania huanzia Baraza la Kata, lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo haliamui tena nani ameshinda? Kazi yake ni kupatanisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya iko wazi.

Je, wajua kwamba hasara halisi lazima uitaje na uithibitishe? Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo mwaka 1992 katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe. Aliyefyekewa kokoa aseme ni miti mingapi, ilikuwa na umri gani, na msimu uliopita aliuza kilo ngapi. “Nimepata hasara kubwa” haihesabiki. Fidia ya jumla, kwa usumbufu na machungu, ndiyo hupimwa kwa busara ya hakimu.

Je, wajua kwamba faini iliyoandikwa kwenye mkataba ni kikomo tu? Mliandikiana kwamba atakayechelewesha mpunga atalipa milioni 5. Kwa kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho. Yaweza kuwa laki 3.

Je, wajua kwamba mkataba ukibainika kuwa batili, aliyepokea faida haruhusiwi kukaa nayo? Kifungu cha 65 cha Sheria hiyo ya Mikataba kinamtaka airudishe au aifidie. Muuzaji hawezi kurudishiwa shamba na kubaki na pesa.

Je, wajua kwamba zuio la muda halitolewi kwa kuombwa tu? Tangu Atilio dhidi ya Mbowe (1969), mahakama huuliza mambo matatu: kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa? Je, pasipo zuio, mwombaji atapata hasara ambayo pesa haitaiponya? Nani ataumia zaidi, zuio likitolewa au likinyimwa?

Je, wajua kwamba Bi Hawa Mohamed alishinda hoja akakosa mali? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini ilimwona ametapanya pesa alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara, hivyo hakuongezewa kitu. Wanandoa waliomfuata ndio waliovuna.

Je, wajua kwamba huko New York, mwaka 1970, majirani walishinda kesi dhidi ya kiwanda cha saruji kilichowajazia vumbi, lakini kiwanda hakikufungwa? Katika Boomer dhidi ya Atlantic Cement, mahakama iliamua kiwalipe fidia ya kudumu kisha kiendelee na kazi.

Je, wajua kwamba dalali wa mahakama anayekuja kukamata mali ya mdaiwa hachukui kila kitu? Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia na vitanda. Mkulima huachiwa pia zana, mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi.

Je, wajua kwamba mahakama yaweza kuruhusu deni lilipwe kwa awamu? Riba ya kawaida baada ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka. Mkikubaliana kwa maandishi yaweza kupanda, ila isizidi 12.