Huyo Funza Kwa Embe Yako? Babake Alijulikana na Mabawa

Umenunua embe ya Embu ama Meru, nje iko fiti kabisa. Unaikata, kumbe funza wako na sherehe huko ndani. Pole, buda. Hao ni watoto wa nzi wa matunda, na kwa mkulima hiyo si jokes: mwaka wa 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe Ulaya juu yao. Soko ikafunguka tena 2021.

Huyu nzi alionekana Kenya mara ya kwanza 2003. Mwaka wa 2005 wataalamu wakampa jina Bactrocera invadens, eti ni spishi mpya. Shida ni alikuwa anafanana vibaya na msee mwingine wa Asia, Bactrocera dorsalis. Rangi ya mgongo haikusaidii, hiyo hubadilika hata kwa nzi wa familia moja.

Ndo hesabu ikaingia. Bawa ni kitu flati, na mishipa yake hukutana mahali pale pale. Unalipiga picha kwa darubini, unaweka doti kwa kila makutano, kompyuta inapima umbali kati ya hizo doti. Programu zingine huenda mbele: zinageuza mabawa yote yaangalie upande mmoja, zinayavuta yawe saizi moja. Ni kama picha yako ya kitambulisho, ikuwe kubwa ama ndogo, sura ni yako tu. Kinachobaki ni shepu, na shepu ndo inalinganishwa.

Pale icipe, Kasarani, Fathiya Khamis na wenzake walipima mishipa ya mabawa na kipande cha mguu, wakaongezea DNA. Kazi yao ilitoka 2012. Kufika 2015, wanasayansi wa nchi kadhaa wakasema invadens na dorsalis ni nzi mmoja. Jina likafa.

Unauliza, so? Manze, jina ndo linakuambia silaha. Icipe ilitoa Hawaii nyigu mdogo, Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya dorsalis. Na madume wa dorsalis hukimbilia harufu ya methili yujenoli kwa mtego kama ni ofa. Lakini kuna nzi wetu wa kienyeji, Ceratitis cosyra, hiyo harufu haimbambi hata kidogo. Kwa hivyo kama guka yako huko Runyenjes ameweka huo mtego, uko tupu, na embe bado zinaanguka na funza, asilaumu mtego. Amwangalie nzi kwanza.