Sura Moja, Majina Mengi: Kweli na Uongo Kuhusu Wanawake wa Katuni

Chukua rundo la vitabu vya katuni vya Marekani, kisha ufunike nywele na mavazi ya wanawake waliomo. Mara nyingi utabaki na mwanamke mmoja: pua ndogo, kidevu chembamba, midomo iliyojaa, kiuno cha nyigu. Hoja zinazotolewa kuhusu mtindo huu zimezoeleka mno. Tuzipime moja baada ya nyingine.

1. Betty na Veronica hutofautiana kwa nywele tu.

KWELI, kwa kiasi kikubwa. Wasichana hawa wa magazeti ya katuni ya kampuni ya Archie walianza kuonekana mmoja mwaka 1941, mwingine 1942. Dan DeCarlo, ambaye mtindo wake ulifuatwa na wachoraji wengi wa kampuni hiyo, aliwapa uso uleule na umbo lilelile. Betty nywele za rangi ya dhahabu, Veronica nyeusi. Kitabia hawafanani: Betty ni mtoto wa familia ya kawaida, Veronica binti wa tajiri. Tofauti hiyo iliachiwa maneno na nguo. Uso haukusimulia kitu.

2. Wanaume nao hutiwa chumvi, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

NUSU KWELI. Misuli ya mashujaa wa kiume imepita kiasi, hilo halina ubishi. Lakini mtazame Hulk wa mwaka 1962: mwanasayansi Bruce Banner hugeuka jitu la kutisha, paji la uso limemtokeza, uso umemvurugika. Mwaka 1980 binamu yake, wakili Jennifer Walters, aliongezewa damu ya Banner akawa She-Hulk: mrefu, wa kijani, mwenye nguvu, na bado mrembo. Damu ni ileile. Mwanamume ameruhusiwa kuwa jitu, kuwa mfupi kama Wolverine, hata kuwa na mwili wa mawe kama The Thing. Mwanamke ameruhusiwa kubadili rangi.

3. Uso wa mwanamke hauvumilii mistari mingi, ndiyo maana wote hufanana.

SI KWELI. Mistari michache inatosha kwa mchoraji anayemtazama mtu. Fungua *Persepolis* ya Marjane Satrapi, iliyoanza kuchapishwa Ufaransa mwaka 2000. Ukurasa wa kwanza tu, wasichana wa shule nchini Iran wamekaa mstari mmoja, wote wamefunika vichwa kwa kitambaa cheusi. Hakuna nywele za kumsaidia msomaji, na wino ni mweusi mtupu. Hata hivyo kila mmoja ana uso wake. Naye Jaime Hernandez, katika *Love and Rockets*, amemchora Maggie tangu miaka ya 1980 akinenepa na kuzeeka, na wasomaji hawajawahi kushindwa kumtambua.

4. Dawa ni kanuni kali.

SI KWELI. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni iliyotaka wanawake wachorwe kwa uhalisia, bila kukuza maumbile yao. Chama kilichoisimamia kiliongozwa kwa miaka mingi na John Goldwater, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Archie. Betty na Veronica wakaendelea kugawana uso mmoja chini ya kanuni hiyo. Kanuni ililinda heshima. Haikumdai mchoraji aone watu wengi.

5. Wasomaji hawanunui wanawake wa kawaida.

SI KWELI. *Smile* ya Raina Telgemeier, iliyotoka mwaka 2010, ni kisa cha msichana aliyeumia meno ya mbele, na imeuza mamilioni ya nakala. *Aya* ya Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie, iliyotoka mwaka 2005, imejaa wasichana, mama na mashangazi wa Yopougon, Abidjan, kila mmoja na mwili wake na mwendo wake. Ilipata tuzo kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mwaka uliofuata.

6. Hatua ikishapigwa, hairudi nyuma.

SI KWELI. Amanda Waller wa kampuni ya DC alipoingia mwaka 1986 alikuwa mwanamke mweusi, mnene, wa makamo, mwenye mamlaka yaliyotisha majambazi na mashujaa vilevile. Mwaka 2011 kampuni ilipoanza upya hadithi zake, akarudi akiwa kijana mwembamba. Mwili uliokuwa sehemu ya uzito wake ulifutwa.

Basi hukumu ni hii: kufanana huku hakutokani na ugumu wa kazi, bali na mazoea, na mazoea huvunjwa. Kwako mchoraji, hasa kijana unayeanza: kaa kituo cha daladala, sokoni, msibani, harusini, uchore wanawake unaowaona. Nawe msomaji, nunua kazi za wanaofanya hivyo, na uwaambie wahariri kwa nini umenunua.