Petit Trianon: Nyumba ndogo iliyomponza malkia

Ukiliacha kasri kuu la Versailles, nje ya Paris, na kutembea bustanini kwa nusu saa hivi, unafika kwenye nyumba ya mawe yenye umbo la mraba na paa lisiloonekana ukiwa chini. Inaitwa Petit Trianon, yaani Trianon Ndogo. Ukiilinganisha na kasri lenyewe, utadhani ni nyumba ya msimamizi wa shamba. Hata hivyo, katika miaka ya 1780 nyumba hii ilisemwa vibaya nchini Ufaransa kuliko kumbi za dhahabu za kasrini, na mwenye nyumba, Malkia Marie Antoinette, alihojiwa juu yake mahakamani siku chache tu kabla ya kukatwa kichwa.

Katika makala haya tunaeleza ilikuwaje nyumba ya mapumziko ikawa kesi.

Ilianza kujengwa mwaka 1762 kwa amri ya Mfalme Louis wa 15, aliyetaka mahali pa kupumzika na mpenzi wake, Madame de Pompadour. Kwa Kiswahili cha mtaani "nyumba ndogo" ina maana yake nyingine, na hapa maana zote mbili zinakubali. Pompadour hakuikalia. Alifariki mwaka 1764, ujenzi ukakamilika mwaka 1768, na aliyeifaidi ni mpenzi mwingine wa mfalme, Madame du Barry. Mfalme alikuwa hapo Trianon mwaka 1774 alipoanza kuugua ndui, ugonjwa uliomuua Mei 10 mwaka huo.

Msanifu wa nyumba hiyo, Ange-Jacques Gabriel, aliifuata fasheni mpya ya wakati wake: kurudi kwenye majengo ya Ugiriki na Roma ya kale, na kuachana na mapambo yaliyojipinda kila kona. Ndiyo maana wataalamu huuita mtindo huo klasiki mpya. Mistari imenyooka, madirisha yamepangwa kwa vipimo, kuta ni tupu. Hata hivyo pande nne za nyumba hazifanani. Upande wa magharibi kuna nguzo nne zilizosimama huru mbele ya ukuta; upande wa mashariki hakuna hata moja. Sisi tunaona ufundi wa Gabriel umejificha hapo, maana ukiizunguka nyumba unahisi umeona nyumba kadhaa.

Upande huo wa mashariki ulitazama jambo ambalo Louis wa 15 alilipenda kwa dhati: bustani ya mimea kutoka nchi mbalimbali, yenye nyumba za vioo za kukuzia mimea isiyostahimili baridi. Mtunza bustani alikuwa Claude Richard, na mwanasayansi Bernard de Jussieu aliipanga mimea hiyo kwa koo zake, kwa kutazama inavyofanana kimaumbile. Mpango wake ni miongoni mwa mizizi ya namna wataalamu wa mimea wanavyoigawa hadi leo.

Mfalme mpya, Louis wa 16, mwenye miaka 19, alimpa mkewe nyumba hiyo mwaka huohuo wa 1774. Mkewe alikuwa na miaka 18. Bustani ya mimea ikaondolewa, sehemu kubwa ya mimea ikapelekwa Paris, na mahali pake ikatengenezwa bustani ya mtindo wa Kiingereza: vilima vya kutengeneza, kijito kinachopinda, ziwa, pango, na miti iliyopandwa ionekane kana kwamba imejiotea. Mbunifu alikuwa Richard Mique. Ndiye aliyejenga pia Hekalu la Mapenzi, kibanda cha duara chenye nguzo 12 kwenye kisiwa kidogo, na baadaye, kuanzia mwaka 1783, kijiji kizima chenye kinu, banda la maziwa na nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Kuta za kijiji hicho zilichorwa nyufa ili zionekane za zamani. Shamba lake, lakini, lilikuwa la kweli, na kulikuwa na mkulima aliyeajiriwa kulisimamia.

Fedha hizo zote ziliwaudhi watu, lakini kilichoudhi kwanza kilikuwa lango.

Versailles ilikuwa nyumba ya wazi. Mtu yeyote aliyevaa vizuri aliweza kuingia na kumtazama mfalme akipita. Makabaila walipimana hadhi kwa ukaribu: nani anamkabidhi mfalme shati asubuhi, nani anasimama mlangoni, nani anaruhusiwa kukaa. Cheo, pensheni na kazi ya mtoto vilitegemea kuonekana. Trianon iliuvunja utaratibu huo. Hakuna aliyeingia bila mwaliko wa malkia. Amri za pale zilitolewa kwa jina lake, si la mfalme, na watumishi walivaa sare zake za nyekundu na fedha. Mfalme mwenyewe alikuja kama mgeni. Koo zilizozoea kusogelea kiti cha enzi kwa vizazi zikabaki nje, na aliyefungiwa nje hana kazi nyingine ila kukisia yaliyomo ndani.

Makisio yakakua. Madame Campan, aliyemtumikia malkia, alisimulia baadaye kwamba mwaka 1789 wabunge kutoka mikoani walifika Trianon na kung'ang'ania waonyeshwe chumba kilichopambwa kwa almasi, chenye nguzo za yakuti. Hakikuwapo. Kulikuwa na mapambo ya jukwaani yenye vipande vya vioo. Na ukumbi wa michezo ya kuigiza ambao malkia alijijengea hapo mwaka 1780 ulikuwa kinyume kabisa cha uvumi: sanamu zake nyingi ni za karatasi iliyopondwa, na marumaru yake ni rangi tu.

Hesabu za serikali nazo zinasema mengine. Katika bajeti ya mwaka 1788, karibu nusu ya matumizi ilikwenda kulipa madeni, mengi yakiwa ya vita, ikiwemo vita vya uhuru wa Marekani. Matumizi ya kasri la mfalme yalikuwa kama asilimia 6. Lakini mwananchi haoni riba. Anaona kinu cha mapambo, na mwaka huo mavuno yalikuwa mabaya na bei ya mkate ikapanda. Hatumtetei malkia kwa hilo: kucheza ukulima wakati wakulima wanakosa unga kulikuwa ni kutoona mbali.

Oktoba 5, 1789, Marie Antoinette alikuwa bustanini Trianon alipoletewa habari kwamba maelfu ya wanawake wa Paris wanakuja kwa miguu kudai mkate. Kesho yake familia ya mfalme ilipelekwa Paris, naye hakurudi tena. Kwenye kesi yake, Oktoba 1793, alikiri kwamba huenda Trianon iligharimu fedha nyingi kuliko alivyotaka, na kwamba gharama zilimvuta kidogo kidogo. Mique, msanifu wake, aliuawa kwa hukumu ya wanamapinduzi Julai 1794. Samani za Versailles na za Trianon zilipigwa mnada kwa karibu mwaka mzima, katika mafungu zaidi ya 17,000.

Nyumba yenyewe ilisalimika. Malkia Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, aliifungua kama makumbusho mwaka 1867, na baadhi ya samani zimerudishwa. Ghorofani kuna chumba kidogo chenye vioo vinavyoinuliwa kwa mtambo kutoka sakafuni hadi kuziba madirisha, ili walio nje wasione ndani. Ukipanga kwenda, kumbuka kwamba Trianon hufunguliwa saa sita mchana, si asubuhi kama kasri kuu, na Jumatatu hufungwa.