Jina likipotea kwenye jedwali, deni linabaki dukani

MBARARA. Unga, sabuni na vitenge vinavyopakiwa Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, aghalabu huuzwa kwa mkopo hadi siku ya mgao. Siku hiyo jina la mteja lisipoonekana kwenye orodha, mwenye duka hapati chake, na muuzaji wa jumla mjini naye husubiri.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kwa wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili husikika sana sokoni.

Uganda iliwahi kuona ukubwa wa tatizo la orodha. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihakiki upya wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, wakianzia Oruchinga, jirani na Nakivale. Orodha ya awali ilikuwa na watu takriban milioni 1.4. Hadi Oktoba waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1.

Zoezi hilo lilifuatia tuhuma za majina hewa. Hata hivyo, jina kukosekana kwenye kanzidata halithibitishi kwamba mtu hayupo.

Kwanza, mstari unaweza kuwapo ila umefichwa. Jina lililoandikwa kwa "r" mahali pamoja na kwa "l" kwingine halitapatikana kwa kutafutwa herufi kwa herufi. Majedwali mawili yakiunganishwa kwa namba ya kaya, asiye na namba hiyo huachwa nje, na kompyuta haitoi onyo lolote.

Pili, watu wawili wanaweza kufanywa mmoja. Wakimbizi wengi wasiojua tarehe ya kuzaliwa huandikiwa 1 Januari. Majina yakifanana na mwaka ukawa mmoja, usafishaji wa majina yaliyojirudia unaweza kumfuta mtu halali. Ndiyo sababu vidole na macho ni ushahidi bora.

Tatu, mstari umefutwa kweli. Amri ya kufuta isiyotaja sharti huondoa mistari yote ya jedwali. Majedwali yakiwa yamefungamanishwa, kumfuta mkuu wa kaya kunaweza kuwafuta na wote walio chini yake.

Mfanyabiashara anayeweka madeni na bidhaa zake kwenye kompyuta anakabiliwa na hatari zilezile. Akiona pengo, asiendelee kuingiza mauzo, maana maandishi mapya yanaweza kufunika yanayotafutwa. Achukue nakala ya faili jinsi lilivyo, aondoe vichujio vyote, kisha ahesabu mistari na kulinganisha na nakala ya zamani. Tofauti itaonyesha kama kuna mistari iliyopotea tangu nakala hiyo, na kumbukumbu za mfumo, kama zipo, zinaweza kuonyesha nani aliingia katika kipindi hicho.

Nakala ya akiba nayo ijaribiwe kwa kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Isiyofunguka haina faida.

Kwa mteja wa Nakivale, dawa ni karatasi. Daftari la mkopo liandike jina kama lilivyo kwenye hati yake ya familia, pamoja na namba ya kaya, si jina la mtaani. Jina likikosekana siku ya mgao, mteja atakuwa na cha kuonyesha kwenye dawati la malalamiko, na mwenye duka atajua anamdai nani.